Kupanga nyumba Mtwara kwa mara ya kwanza: mambo ya kuzungumza kabla hujatoa pesa

Anayekwenda kupanga kwa mara ya kwanza hujiandaa kwa swali moja tu: shilingi ngapi kwa mwezi? Ndilo analomuuliza dalali kwenye simu, ndilo analowauliza wenzake kazini, na akifika mlangoni ndilo analovutana nalo na mwenye nyumba mpaka jasho limtoke. Wakishaelewana anatoa pesa, anapewa funguo, anaingia. Yale yatakayomnyima usingizi baadaye hayajaguswa hata moja. Analipia miezi mingapi kwa mkupuo? Umeme anachangia na nani? Paa likivuja, fundi anaitwa na nani? Na siku akitaka kuhama, inakuwaje?

Walimu, wauguzi na vijana wengine wa ajira mpya huletwa Mtwara kila mwaka, wengi wakiwa hawana hata ndugu mmoja mjini. Inauma kumwona mtu anamaliza posho yake yote kwa mwenye nyumba wiki ya kwanza, halafu anakopa hela ya unga. Sehemu kubwa ya maumivu hayo ingeepukika kwa mazungumzo ya nusu saa, kama angejua mapatano yenyewe yana sehemu ngapi. Bei ya mwezi ni sehemu moja tu, na mara nyingi ndiyo ngumu kuliko zote kusogezwa.

Bei zenyewe zimetoka wapi

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, lakini mji ulibadilika sura hasa kwenye miaka ya 2010, utafutaji wa gesi baharini uliposhika kasi. Wageni walitaka nyumba zenye uzio, viyoyozi na matangi ya maji, na Shangani ikawa ndiyo mahali pao. Bei zikatajwa kwa dola. Watu wakajenga, wengine kwa mikopo, wakitarajia hali hiyo iendelee. Likaja bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, likakamilika mwaka 2015, na kiwanda cha saruji cha Dangote kikaanza kazi Msijute. Kisha wale wageni wa utafutaji wakapungua, nyumba zikabaki.

Historia hiyo inamhusu mpangaji moja kwa moja. Wako wenye nyumba ambao bado wana bei ya wakati ule kichwani, na nyumba zao zinaweza kukaa miezi bila mtu. Kabla hujaanza kujadiliana, muulize jirani au mwenye duka la pembeni: nyumba ile ina muda gani tupu? Ikiwa imekaa muda mrefu, una nafasi nzuri ya kuomba ipunguzwe, kwa sababu kila mwezi unaopita mwenyewe anapoteza kodi huku chumvi ya bahari ikiendelea kula bati na nondo za madirisha. Na ukitajiwa bei kwa dola, omba utajiwe kwa shilingi bila kuona haya. Tangu mwaka 2025 kanuni zinakataza kutaja na kulipana bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Lindi nako kuna matumaini ya namna hiyo hiyo, kwa sababu ya mradi wa kusindika gesi uliopangwa Likong'o. Mpangaji wa leo hana sababu ya kulipia mradi wa kesho.

Vyumba vya kawaida ni habari nyingine. Karibu na vyuo, karibu na hospitali ya Ligula na karibu na masoko, chumba kizuri hakikai. Vyuo vinapofungua Oktoba na Novemba, wanafunzi wanaingia kwa wingi na mwenye nyumba hana haja ya kumbembeleza mtu. Ukiweza kutafuta Julai au Agosti, utachagua kwa nafasi.

Miezi mingapi kwa mkupuo

Hapa ndipo penye pesa, kwa hiyo tukae kidogo.

Nchi hii iliwahi kuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei, na idadi ya miezi ya kulipa mbele, ni mapatano ya watu wawili. Mwenye nyumba akikwambia anataka miezi sita, au mwaka mzima, anataja ombi lake. Wewe nawe una haki ya kutaja lako.

Tuseme chumba na sebule ni 60,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 360,000. Weka na ya dalali, ambaye kwa mazoea huchukua kodi ya mwezi mmoja, inafika 420,000 kabla hujanunua godoro. Ukibishana mpaka akashuka hadi 55,000, umeokoa 30,000 kwa miezi sita. Ukiiacha bei ilivyo lakini mkakubaliana miezi mitatu, umebaki na 180,000 mkononi siku ileile. Kwa mtu anayeanza maisha, hiyo ya pili ndiyo inayonunua kitanda, jiko la gesi na ndoo. Hata hivyo watu hutumia nguvu zote kwenye ile ya kwanza, na hii ya pili wanaikubali kimya kimya.

Ili umsogeze mwenye nyumba kwenye idadi ya miezi, ujue kwanza kwa nini anaitaka. Mwingine anaendeleza ujenzi, pesa yako inakwenda kwenye bati. Mwingine amestaafu na anaishi kwa kodi hiyo. Na kwa Mtwara na Lindi wako wengi wenye shamba la korosho, na shamba hilo lina kalenda inayojulikana. Katikati ya mwaka kuna kazi ya palizi na kupulizia, vibarua wanadai chao, na mapato bado. Pesa huanza kuonekana kuanzia Oktoba, minada inapofunguliwa na malipo yanapopita kwenye vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima. Kwa hiyo mwezi wa Juni au Julai, mwenye shamba anayepangisha ana shida ya fedha taslimu. Ukiwa nazo, huo ndio wakati wa kumwambia, "Mzee, nikikupa miezi sita leo, tuifanye 50,000 kwa mwezi." Ikiwa ni Desemba na malipo ya korosho yameshaingia, hana haraka na mkupuo wako, na ombi la miezi miwili au mitatu linapokelewa kirahisi zaidi. Si wote wako hivyo, lakini ukipiga naye stori kidogo kuhusu shamba utajua uko na nani.

Sababu nyingine ya kudai miezi mingi ni woga, na woga una dawa yake. Mchukulie muuguzi mpya aliyepata chumba Chikongola kwa bibi mmoja mjane.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Chumba umekiona?"

"Nimekiona, nimekipenda. Ila hiyo miezi sita, bibi, mshahara wangu wa kwanza bado haujatoka."

"Wote hulipa sita hapa."

"Nina ya mitatu leo, taslimu. Iliyobaki nilete hiyo mitatu ikiisha, tuandike kabisa."

"Mh. Aliyekaa kabla yako aliondoka usiku, ameniachia deni la maji."

Bibi ameshasema linalomsumbua. Anaogopa kubaki na madeni ya mtu aliyehama, na miezi sita ndiyo kinga aliyoizoea. Muuguzi akiendelea kulalamikia mshahara, hawatafika. Lakini akisema, "Basi bibi, ankara ya maji nitailipa kila mwezi na risiti nitakuletea uione, na mkuu wangu wa kazi yupo hapo Ligula, nitakupa namba yake," amemjibu kwenye kidonda. Wakishafika hapo, miezi mitatu inazungumzika.

Umeme, maji na choo

Swali la kwanza kwenye umeme: LUKU ni ya peke yako au mnachangia? Mita ya kuchangia huleta ugomvi kuliko kitu kingine chochote kwenye nyumba za vyumba vingi. Mmoja ana friji, mwingine ana balbu mbili, wote wanatoa 5,000. Kuna na jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui. TANESCO ina kundi la watumiaji wadogo wa majumbani, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao bei yao kwa uniti iko chini sana ya ile ya kawaida. Familia nne kwenye mita moja haziwezi kubaki kwenye kundi hilo, kwa hiyo hata mwenye balbu mbili ananunua umeme kwa bei ya juu. Chumba chenye mita yake, hata kodi yake ikiwa juu kwa 5,000 kwa mwezi, kinaweza kuwa nafuu kuliko cha kuchangia. Ikiwa mita ni moja, mwombe mwenye nyumba aweke mita ndogo kwa kila chumba, na makubaliano ya kugawana yaandikwe.

Halafu kuna kodi ya jengo, ile ya serikali. Tangu mwaka 2021 hukatwa kwenye LUKU, na kuanzia Julai 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka. Kisheria ni kodi ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni wewe, kwa hiyo inatoka mfukoni mwako. Ukikaa kimya umemlipia. Ukisema siku ya kwanza, wengi hukubali kuikata kwenye pango unapolipa awamu inayofuata. Tunza ujumbe wa manunuzi ya umeme, makato yanaonekana humo.

Kabla hujalipa pango, omba namba ya mita, nunua umeme wa 2,000, usome risiti. Kama kuna deni la zamani, utaliona likikatwa hapo hapo. Umetumia 2,000 kujua jambo ambalo lingekugharimu miezi.

Maji ya MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara, yana habari ileile: uliza mita iko wapi, ankara ya mwisho ilikuwa kiasi gani, na kama kuna deni. Fungua bomba mwenyewe, usikubali kuambiwa "maji hutoka asubuhi". Kama nyumba inategemea kisima cha uani, yaonje, kwa sababu karibu na bahari maji ya kisima huwa na chumvi na utajikuta unanunua madumu ya kunywa na kupikia. Choo nacho: shimo likijaa, gari la kunyonya linalipiwa na nani? Huwa hakuna anayeuliza mpaka lijae.

Paa na kuta: sheria inasemaje

Huku kusini mvua ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili. Nyumba unayoiona Agosti imekauka, imepakwa rangi, inapendeza. Inua macho kwenye dari, utafute madoa ya kahawia yenye kingo. Pitisha kiganja ukutani, chini karibu na sakafu. Rangi ikibanduka na unga mweupe ukabaki mkononi, ukuta huo unanyonya unyevu. Angalia bati upande unaopigwa na upepo wa bahari, misumari ikiwa imeota kutu, mvua ya kwanza itakukuta unahamisha godoro. Simama uani uangalie ardhi inateremkia wapi, na umuulize jirani maji ya mvua hupita upande gani. Jirani hana sababu ya kukuficha.

Ukikuta kasoro, hiyo ndiyo hoja yako, tena ina nguvu kuliko kusema "punguza kidogo". Sema, "Mama, hapa juu pamevuja. Utarekebisha kabla sijaingia, au nirekebishe mimi tukate kwenye kodi?" Akichagua la pili, pateni kwanza makadirio ya fundi, mkubaliane kiasi, kiandikwe na asaini. Mpangaji anayeita fundi kwa hiari yake kisha akapeleka hesabu, mara nyingi hurudishwa mikono mitupu.

Hata bila kuandikiana, sheria imeshampa mwenye nyumba wajibu wake. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kifungu cha 88, inachukulia kwamba ndani ya kila mapatano ya upangishaji kuna ahadi kadhaa za mwenye nyumba. Mpangaji atakaa kwa amani bila kubughudhiwa, maadamu analipa na kutimiza masharti. Nyumba au chumba cha kuishi kitakuwa katika hali ya kukaliwa na binadamu siku ya kuingia, na kitaendelea kuwa hivyo. Na pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja ni juu yake kuzitunza.

Kwa hiyo mwenye nyumba anayesema "humu kila kitu unatengeneza mwenyewe" hajasema sheria, amesema mazoea yake. Wewe nawe una wajibu: kulipa kwa wakati, kutunza ulichokabidhiwa, kutompangisha mtu mwingine bila ruhusa, na kumruhusu aingie kukagua akikuarifu kwa muda unaofaa. Kitasa ulichovunja ni chako. Paa lililooza ni lake.

Unayemlipa ni nani

Swali hili linahitaji adabu, lakini usiliache. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera ukoo hufuatwa upande wa mama, na mjomba ana sauti yake. Mwenye nyumba akifariki, watoto wanaweza kuwa na lao, ndugu wa upande wa mama wana lao, na mpangaji yupo katikati. Unamlipa kijana mkubwa aliyekuonyesha chumba, mwezi wa pili anatokea mtu mwingine anadai kodi ni yake. Ukisikia nyumba ni ya marehemu, uliza kwa upole nani msimamizi wa mirathi, na mlipe huyo au mtu aliyemwandikia barua. Kama mwenyewe yuko Dar es Salaam, zungumza naye kwa simu akutajie kwa sauti yake nani apokee. Mwenyekiti wa mtaa na mjumbe huwa wanajua nyumba ni ya nani, na kwa kuwa utapita kwao kujitambulisha, nenda kabla ya kulipa.

Dalali usimlipe kabla ya kuonana na mwenye nyumba. Hayo yanatosha juu yake.

Mkataba, na siku ya kuondoka

Mapatano ya mdomo ya mwaka mmoja au chini yake yanatambuliwa na Sheria ya Ardhi. Usitishwe na anayekwambia huna haki kwa sababu hamkuandikiana. Ila ya mdomo ni magumu kuyathibitisha, na watu husahau. Karatasi moja inatosha: majina, chumba kipi, kodi, kipindi kilicholipiwa, nani analipa umeme, maji, kodi ya jengo na choo, nani anatengeneza nini, kodi inaweza kupanda lini na kwa taarifa ya muda gani, na notisi ya kuhama. Sainini mbele ya mwenyekiti wa mtaa au mtu mnayemheshimu wote. Mkataba wa upangishaji hulipiwa ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa chumba cha 60,000 ni 7,200, na usipolipiwa unaweza kukwama kuutumia kama ushahidi.

Hicho kipengele cha kupanda kwa kodi msikiruke. Wapangaji wengi huambiwa bei mpya siku ileile wanapopeleka pesa, wakati hawana pa kwenda. Miezi miwili ya taarifa si ombi kubwa, na mwenye nyumba muungwana atakubali.

Lipa kwa simu au benki, uandike kwenye maelezo "kodi" na miezi. Ukilipa taslimu, omba aandike kwenye daftari na asaini. Mwambie tu, "Mzee, tuandikiane ili wote tukumbuke," hakuna atakayechukia.

Siku ya kuingia, pitia vyumba ukiwa na simu, piga picha za kuta, dari, vitasa, sinki, mita ya umeme na ya maji, kisha umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Picha hizo ndizo zitakazookoa amana yako wakati wa kuondoka, kama ulitoa amana. Ukitaka kuhama, toa notisi kwa maandishi. Kwa upangaji wa kipindi hadi kipindi ambao hamkuandika notisi, sheria huangalia kipindi cha kodi: anayelipa kwa mwezi anatoa au kupewa notisi isiyopungua mwezi. Mwenye nyumba naye anabanwa na hilo. Kung'oa mlango, kubadilisha kufuli au kukata maji ili utoke ni kuvunja ile ahadi ya kukuacha ukae kwa amani.

Mkishindwana, anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu, na lina siku 30 za kufanya hivyo. Likishindwa, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko utaulizwa mkataba, risiti na zile picha.